Joto Hutangulia Moto

   

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya umeme wa mji wetu wa Lubumbashi, lakini tutauingilia kwa mlango ambao hatujauzoea. Tumezoea kuulizana: umeme utarudi saa ngapi? Leo tujiulize: umeme uliondokaje? Maana giza si la aina moja. Kuna giza la delestaji, pale nguvu inapokuwa haitoshi, wakakata mtaa huu ili wawashie ule. Hilo tunalijua, na kila nyumba ina makala yake na mbabula yake ya kulikabili. Lakini kuna giza la pili, lililo baya zaidi. Saa mbili usiku, watu wanapika bukari, mlio mmoja mkubwa unasikika kutoka kwenye kabine ya transfoma ya mtaa, moshi unatoka, na basi. Hapo huhesabu tena saa. Unahesabu majuma, mara nyingine miezi, huku daftari la michango likipita mlango kwa mlango: kila nyumba itoe kiasi fulani, itafutwe kebo, yatafutwe mafuta ya transfoma, itafutwe transfoma yenyewe.

Giza hili la pili halitokani na maji kupungua kwenye mabwawa ya umeme. Mara nyingi linatokana na kitu kidogo unachoweza kukishika kwa vidole viwili: nati iliyolegea, au kichwa cha kebo kilichobanwa vibaya. Na hoja yangu naisema mapema ili twende nayo pamoja: nati hiyo haikuharibika usiku ule. Ilikuwa ikichemka kwa majuma, pengine kwa miezi, na joto lake lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye chombo cha kulionea. Chombo hicho ni kamera ya joto. Kipo, kimejaribiwa miaka mingi, na bei yake siku hizi si ya kutisha. Kinachokosekana kwetu ni desturi ya kwenda kuangalia kabla kitu hakijalipuka.

Tuanze na joto lenyewe linakotoka. Umeme ukipita katika waya wowote, waya hupata joto kidogo. Hilo ni la kawaida, na waliotengeneza waya walilihesabu. Shida huanzia kwenye maungio: pale waya unapokutana na waya mwingine, au na fyuzi, au na upau wa shaba ndani ya kabine. Mmeona malori yanavyosongamana mpakani Kasumbalesa. Barabara inayoyaleta inapitika, lakini lango ni jembamba, na msongamano wa safari nzima unakusanyika pale. Ungio lililokazwa vizuri ni lango pana, chuma kimeshikana na chuma uso kwa uso. Ungio lililolegea, lenye kutu au vumbi, linagusana kwa vijisehemu vichache tu, na umeme wa mtaa mzima unalazimika kupenya hapo.

Tuweke hesabu kidogo. Transfoma ya kilovolti-ampea 315 inaweza kutoa kama ampea 450 kwa kila fezi kwenye volti 400. Tuseme jioni inatoa ampea 400. Ungio zuri lina ukinzani wa kama sehemu 50 za milioni za omu, na joto linalozaliwa hapo ni wati 8. Linapotea hewani bila mtu kujua. Ungio likilegea hadi ukinzani ufike sehemu moja ya elfu ya omu, ambayo bado ni kiasi kidogo sana, joto linafika wati 160, zote zimejikusanya kwenye boliti moja.

Na joto haliongezeki kwa hatua zile zile za umeme. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Boliti hiyo hiyo, mchana mtaa ukivuta ampea 200, inatoa wati 40. Jioni, resho zote za kupikia zikiwashwa, inatoa 160. Kwa hiyo saa ya kupika ndiyo saa ya hatari kwa kabine iliyochoka.

Kisha joto lenyewe linazidisha ubovu. Chuma kikipata moto, uso wake unaliwa na hewa haraka zaidi, ukinzani unapanda, na joto linapanda tena. Boliti inatanuka jioni na kusinyaa usiku wa manane, na kila mara inalegea kidogo zaidi. Ganda la waya wa kawaida, lile la PVC, limetengenezwa livumilie nyuzi 70 za selsiasi. Kebo zenye ganda la XLPE huvumilia 90. Zaidi ya hapo ganda linakauka, linapasuka, linatoa harufu, na mwisho linawaka. Safari hiyo yote inachukua muda, na muda huo ndio nafasi tunayoipoteza.

Sasa tuingie pamoja ndani ya kabine moja. Ni mfano niliouchora ili mwone, lakini kila sehemu yake mafundi wa umeme wanaijua. Ni saa moja na nusu jioni. Fundi mwenye ruhusa amefungua mlango wa chuma. Amesimama kwenye mkeka wa mpira, amevaa glavu na kofia yenye kinga ya uso, mkononi hana pete wala saa. Kwa macho ya kawaida hakuna kasoro. Fyuzi tatu kubwa zimepangana, kila moja na fezi yake, vumbi jekundu limetulia juu yake, transfoma inavuma kama siku zote. Fundi anainua kamera. Hagusi kitu.

Kwenye kioo cha kamera kabine inageuka rangi. Zambarau ni baridi, rangi ya chungwa ni joto, nyeupe ni joto kali. Fyuzi ya kwanza inasoma nyuzi 41. Ya pili, 43. Ya tatu, pale chini kebo inapobanwa, pameng'aa weupe: nyuzi 96. Weupe huo unafifia taratibu kadiri jicho linavyoteremka kwenye kebo. Hiyo ndiyo alama ya ungio bovu: joto kali mahali pamoja, likipungua unavyokwenda mbali napo. Kama kebo yote ingekuwa na joto sawa kutoka juu hadi chini, fundi angesema ungio ni zima, ila mzigo umezidi. Ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti, na picha inayatenganisha.

Fundi hatosheki na rangi. Anachukua koleo la kupimia ampea na kulizungushia kila kebo kwa zamu. Fezi zote tatu zinabeba karibu mzigo mmoja. Basi tofauti ya nyuzi 53 kati ya fyuzi ya pili na ya tatu haielezwi na mzigo. Nchini Marekani chama cha wapimaji wa vifaa vya umeme, NETA, kimeweka mizani ambayo mafundi wa nchi nyingine nao huitumia. Vifaa viwili vinavyofanana, vyenye mzigo unaolingana, vikitofautiana kwa nyuzi 1 hadi 3, huenda kuna kasoro, chunguza. Zikiwa 4 hadi 15, yaelekea kasoro ipo, panga matengenezo. Zikizidi 15, tengeneza mara moja. Sisi hapa tuna 53.

Wakazi wanaarifiwa, umeme unakatwa kwa mpango. Fundi anahakikisha kwa kipimo kwamba kweli hakuna umeme, anafungua boliti, na chanzo kinaonekana: kichwa cha kebo ni cha alumini, kimebanwa moja kwa moja kwenye shaba, bila kichwa maalumu cha kukutanisha metali hizo mbili. Alumini na shaba zikikutana penye unyevu, alumini huliwa. Tena alumini yenyewe hujivika utando mwembamba unaozuia umeme. Anabadilisha kichwa, anasafisha, anakaza kwa spana yenye kipimo. Jioni inayofuata anapiga picha ya pili, saa ile ile, mzigo ule ule. Nyuzi 42. Kazi imekwisha. Kilichotumika ni kichwa kimoja cha kebo, boliti moja na giza la saa chache lililotangazwa.

Ndugu wasikilizaji, kamera hiyo inaona mwanga wa joto ambao macho yetu hayauoni, na mwanga huo uligunduliwa zamani. Mwaka 1800, mtaalamu wa nyota William Herschel, huko Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua kwenye kipande cha kioo kilichouchambua katika rangi zake, akaweka kipimajoto kwenye kila rangi. Kisha akakiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Kipimajoto kikapanda kuliko kwenye rangi zote. Kumbe kila kitu chenye joto kinatoa mwanga wa namna hiyo: ukuta, mkono wako, na boliti ya kabine. Kamera ya joto inaupokea mwanga huo na kuugeuza picha.

Na moja ya kazi za kwanza za kibiashara zilizopewa kamera hizi ilikuwa ni hii hii tunayoizungumza. Mwaka 1965 kampuni ya AGA ya Uswidi iliuza kamera ya kukagulia nyaya za umeme wenye volti kubwa. Iliyofuata mwaka 1969 ilikuwa mzigo wa watu kadhaa: kamera peke yake kilo 25, kioo cha kuonyeshea picha kilo 20, miguu ya kuisimamisha kilo 15, na juu ya hayo jenereta, na chupa ya lita 10 ya naitrojeni ya maji ya kuipoza. Leo hakuna naitrojeni wala jenereta. Kamera ndogo ya mkononi, au ile inayochomekwa kwenye simu, inapatikana kwa dola mia chache. Zile za kitaalamu ni maelfu ya dola. Na transfoma ya mtaa? Nayo ni maelfu ya dola, tena bila kuhesabu nyama iliyooza kwenye friji za wamama, saluni zilizofungwa, na watoto wanaosomea kwenye mshumaa.

Lakini nisiwadanganye. Kununua kamera hakumfanyi mtu kuwa mkaguzi, na kamera mikononi mwa asiyejifunza ni hatari, kwa sababu itamwambia kila kitu ni kizima. Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo ufundi ulipo.

Jambo la kwanza linatuhusu sisi watu wa mji wa shaba kuliko wengine. Shaba iliyong'arishwa haitoi mwanga wa joto vizuri. Inatoa kama sehemu 5 tu katika 100 za kile ambacho joto lake lingestahili kutoa. Zinazobaki inazirudisha kama kioo, kwa hiyo kamera inasoma joto la ukuta ulio mbele yake, au la fundi mwenyewe aliyesimama pale. Upau wa shaba unaweza kuwa na nyuzi 90 na kamera ikasema 30. Fundi anayejua hupima kwenye ganda la kebo lililo jirani, au kwenye utepe mweusi wa umeme uliobandikwa hapo awali umeme ukiwa umekatwa, kwa kuwa utepe hutoa kama sehemu 95 katika 100. Anajua pia kwamba shaba iliyochakaa na kuwa nyeusi husomeka vizuri kuliko iliyo mpya. Asiyejua hayo ataandika kwenye ripoti kwamba kabine ni salama.

Jambo la pili ni mzigo. Ungio bovu lisilopitisha umeme ni la baridi kama lile zima. Mwongozo wa ukaguzi unataka mzigo usiopungua asilimia 40 ya uwezo wa kifaa. Kwa hiyo kukagua wakati wa delestaji, au saa tatu asubuhi watu wakiwa kazini, ni kupoteza muda. Kwetu saa nzuri ni jioni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, jua limekwisha kuacha kuchoma mabati na nyaya, na mitaa inapika. Upepo nao unadanganya: nguzoni, upepo mkali huliteremsha joto la ungio bovu likaonekana dogo.

Jambo la tatu: kamera haioni ndani ya vitu. Mlango wa chuma ukifungwa, inaona mlango. Kioo cha kawaida, inaona kioo. Ndani ya tumbo la transfoma haifiki. Lakini nje ya transfoma inaona mengi. Mapezi yake ya kupozea yakiwa na joto yote, isipokuwa moja lililobaki baridi, ujue mafuta hayazunguki pale, au yamepungua. Na mafuta hayo ndiyo uhai wake, kwa sababu karatasi inayofunika nyaya za ndani huzeeka kwa joto. Kanuni za kimataifa zinahesabu hivi kwa karatasi ya kawaida: juu ya nyuzi 98, kila nyuzi 6 zinazoongezeka huzidisha kasi ya kuzeeka mara mbili. Transfoma iliyotengenezwa idumu miaka mingi inaweza kumalizwa na misimu michache ya mateso.

Na hapa Lubumbashi vifaa vyetu vina mateso zaidi ya vile vya mahali pengine. Vifaa vingi vya umeme vimepimwa kiwandani kwa matumizi ya mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari. Mji wetu uko juu ya mita 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi, inapoza kidogo kuliko hewa ya pwani, na fundi makini hulihesabu hilo. Ongeza vumbi la kiangazi linaloingia katika kila tundu, kisha mvua za Novemba zinazolilowesha. Ongeza delestaji yenyewe: umeme ukirudi baada ya saa nyingi, kila friji, kila pasi na kila resho inaanza kuvuta kwa wakati mmoja, na boliti iliyokuwa imepoa inapigwa joto ghafla. Kisha ongeza waya zilizoungwa kwa siri, zimefungwa kwa mkono kwenye kebo ya mtaa, bila kibanio, bila fyuzi. Kila fundo la namna hiyo ni ungio bovu tangu siku lilipozaliwa, na mwenye kuiba umeme hivyo anachoma mali ya jirani yake.

Tukumbuke umeme huu unatoka wapi. Sehemu yake inazaliwa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kituo kilichoanza kazi mwaka 1930. Sehemu nyingine inatoka Koni, Nzilo na Nseke, vituo vya miaka ya 1950. Sehemu nyingine inasafiri kutoka Inga, kilomita kama 1,700, hadi Kolwezi. Nyingine tunainunua kwa jirani zetu wa Zambia, inaingia kwa kituo cha Karavia. Mwadingusha imefanyiwa ukarabati mkubwa, mashine zake sita zikawa mpya, na mwaka 2021 ikarudi na megawati 78. Ni kazi ya kushukuru. Lakini fikirini: fedha zote hizo, wahandisi wote hao, nguzo zote hizo zilizovuka misitu na mito, halafu umeme unafika mita mia moja kutoka kwa mlango wa mama wa mtaa wa Katuba na kukatikia kwenye boliti ambayo hakuna aliyeiangalia kwa miaka mingi. Fedha tunazotafuta kwa ajili ya mabwawa mapya ni za lazima. Fedha za kulinda kilichopo ni ndogo zaidi, na ndizo tunazosahau.

Tusisahau pia damu. Tarehe 2 Februari 2022, huko Kinshasa, waya wa umeme wenye volti kubwa ulikatika na kuangukia soko la Matadi-Kibala asubuhi ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama waliotoka kutafutia watoto chakula. SNEL, shirika letu la umeme, lilitaja radi. Sitasema kamera ya joto ingeizuia radi, maana ningewadanganya. Ninachosema ni kwamba waya uliochoka kwa joto la miaka huwa na nguvu kidogo ya kuhimili dhoruba kuliko uliotunzwa, na kwamba umeme unaopita juu ya vichwa vya watu unadai macho yasiyolala. Ukaguzi wa joto ni jicho moja. Kukata miti iliyokaribia nyaya ni jicho lingine. Kutoacha soko lijengwe chini ya nyaya ni la tatu.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani, mwongozo wa matunzo ya vifaa vya umeme uitwao NFPA 70B ulikuwa ushauri tu kwa miaka mingi. Mwaka 2023 ukawa kanuni, na sasa unataka vifaa vipigwe picha za joto angalau mara moja kwa mwaka. Ufaransa, kampuni za bima huwaomba wenye viwanda na maghala ripoti ya ukaguzi wa joto iitwayo Q19. Aliyeweka fedha yake rehani dhidi ya moto anataka kujua kama moto umekwisha kuanza kujitayarisha. Nasi nchini Kongo, soko la bima lilifunguliwa kwa sheria ya mwaka 2015, na tangu 2019 kampuni binafsi zina vibali. Kampuni hizo zingeweza kudai ripoti kama hiyo kwa maduka makubwa, maghala na viwanda vya mji huu. Na sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ilikwisha kuwafungulia mlango wengine kando ya SNEL. Mlango ukifunguliwa kwa biashara, ufunguliwe na kwa wajibu wa kutunza.

Katika migodi mikubwa duniani ukaguzi huu ni kazi ya kawaida, kwa sababu mashine moja ikisimama kwa siku moja hasara yake inalipa kamera nyingi. Swali langu kwa viongozi wetu ni hili: kama boliti ya mgodi inastahili kuangaliwa, kwa nini boliti ya mtaa wa Ruashi isistahili? Kabine inayowasha chumba cha kujifungulia, kinu cha unga na pampu ya maji ya mtaa haina thamani ndogo kuliko ile inayozungusha kinu cha mawe.

Basi tufanye nini? Kwa SNEL hapa jimboni kwetu Haut-Katanga, ombi letu ni dogo na linapimika. Kila kabine ya mtaa ipigwe picha za joto mara mbili kwa mwaka: mara moja kabla ya mvua, mara moja baada yake, jioni, mzigo ukiwepo. Kila picha iwekwe na picha ya kawaida ya mahali pale pale, tarehe, saa, ampea na joto la hewa. Na baada ya matengenezo, ipigwe picha ya pili. Bila picha ya pili hatujui kama kilichotengenezwa kimetengenezeka.

Kwa viongozi wa mitaa na kamati zetu: tunapochanga kwa ajili ya transfoma mpya, tusiishie kwenye kuinunua. Tutenge sehemu ya mchango kwa ukaguzi wa mwaka wa kwanza, na tudai ripoti yake isomwe mbele ya wakazi. Transfoma mpya ikifungwa kwenye maungio ya zamani itakufa kifo cha ile ya kwanza.

Kwa walimu wa Polytechnique ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wa shule zetu za ufundi na wa taasisi ya mafunzo ya kazi, INPP: wafundisheni vijana kusoma picha hizi, na zaidi ya picha, wafundisheni kukaza boliti kwa kipimo na kukutanisha alumini na shaba inavyopasa. Kijana mwenye kamera, koleo la ampea na elimu ya kuvitumia ana kazi katika mji huu: hoteli, vyumba vya baridi, vinu, hospitali, maduka, vyote vina sanduku la umeme ambalo halijafunguliwa siku nyingi.

Na kwetu sisi majumbani, tusio na kamera. Joto linajitangaza hata bila kamera kwa anayelisikiliza. Prizi iliyobadilika rangi na kuwa ya kahawia, harufu ya plastiki au ya samaki ukutani, taa inayopepesa kila resho inapowashwa, disjonkta inayoanguka mara kwa mara: hizo zote ni dalili. Resho ya wati 2,000 kwenye volti 220 huvuta kama ampea 9, na ralonji nyembamba ya sokoni haikutengenezwa kwa mzigo huo, sembuse ikiwa imekunjwa chini ya zulia. Ukimaliza kupika, zima, chomoa fishi, kisha iguse. Ikiwa ya moto hata mkono unaikwepa, usiichomeke tena hapo mpaka fundi abadilishe prizi. Fyuzi iliyokatika isifungwe kwa waya wa shaba, maana umeondoa mlinzi na kuacha mlango wazi. Na kabine ya mtaa usiisogelee, usiifungue, usimtume mtoto aichungulie. Ukiona moshi, ukisikia mlio wa kutatarika au ukinusa kitu kinachoungua, waweke watu mbali na uwaite wanaohusika, hata kama taa bado zinawaka. Hasa kama taa bado zinawaka, kwa sababu bado kuna cha kuokoa.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga kuta nyingi mno, kwa michango ya watu maskini. Juma hili, ukionana na kiongozi wa mtaa wako, muulize swali moja tu: kabine yetu ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na ripoti iko wapi? Muulize kwa heshima, na urudi kumuuliza tena mpaka ajibu.